Daftari la Matone

"Saba," nilihesabu, "nane, tisa." Nikaziba kichwa cha mrija kwa kidole, na tone la kumi likabaki limening'inia bila kuanguka. Macharia alikuwa amechutama upande wa pili wa karai la maji ya moto. Aliichukua ile chupa, akaitia kizibo, akaanza kuitikisa. Kila chupa ilitikiswa mara mia moja. Alihesabu kwa Kikikuyu, kimoyomoyo, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayesali, na ole wako umsemeshe kabla hajafika mia.

Alipofika aliirudisha chupa kwenye ubao wake, akatoa punje tisa za mahindi mfukoni na kuzipanga mbele yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama yake. Chupa ya matone matatu ilikuwa na punje tatu, ya matano punje tano, na kadhalika. Kesho yake, akiisha kuzisoma chupa, angezikusanya punje zote na kuzirudisha mfukoni.

"Andika basi," aliniambia. "Najua mkono unakuwasha."

Nilikuwa nimekwisha kuandika. Jumatatu, mapipa manane kutoka shamba la katani la Juja, mafuta meusi yenye mchanga. Chupa ya kwanza matone matatu, ya pili matano, ya tatu saba, ya nne tisa, ya tano kumi na moja. Ya sita hatukuitia kitu. Hiyo ilikuwa shahidi, ya kulinganishia nyingine.

"Ninyi Wakamba," Macharia alisema akijifuta mikono kwa gunia. "Wewe ukioa utaandika hata siku bibi yako alipounguza ugali."

"Nitaandika na jina la jirani aliyekuja kuula, Baba Waceke," nilimjibu, nikimwita kwa jina la bintiye.

Alicheka. Nalikumbuka hilo kwa sababu mwaka ule hakucheka sana. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, na Mkikuyu wa Thika hakuwa na mengi ya kumchekesha.

Kazi yetu ilikuwa kusafisha mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika. Yadi ilikuwa ng'ambo ya reli, mabati manne juu ya nguzo, matangi matatu, na rundo la mapipa. Mashamba ya katani na kahawa, kuanzia Ruiru hadi kupita Thika, yalikuwa na injini nyingi, na mafuta yao yaliyochakaa yaliwekwa nyuma ya stoo, mapipa wazi, mvua ikinyesha humo. Yalipotufikia hayakuwa mafuta tena wala hayakuwa maji. Yalikuwa uji wa rangi ya maziwa yaliyoingia masizi, na ungeweza kuuacha mwezi mzima usitengane. Nasi hatukuweza kuutia asidi ya kuondoa lami kabla maji hayajatoka yote, maana asidi kali ikikutana na maji ndani ya tangi huchemka na kuruka. Nicanor, aliyeshika kazi hiyo kabla yangu, alirukiwa usoni kwa sababu mtu fulani aliyaona maji yaliyobaki kuwa ni machache.

Macharia ndiye aliyejua kuutenganisha ule uji. Zamani alikuwa katika kiwanda kimoja cha ngozi hapo mjini, na huko aliona mafuta yakitiwa asidi hadi yakakubali kuchanganyika na maji, ili yapenye ngozi na kuilainisha. Alipokuja yadini alijiuliza kama kitu kinachoelewana na mafuta na maji pia hakiwezi kuvigombanisha. Akaenda kwa mama yake, Gatundu, akarudi na mafuta ya mbarika, yale yale ambayo wanawake wa kwao wamejipaka tangu kale. Aliyatia asidi tone kwa tone, chungu kikiwa kimekaa ndani ya maji baridi, kazi ya siku nzima. Akayaosha kwa maji ya chumvi, kisha akayatuliza kwa magadi. Alichopata, tulichokiita mbarika tu, ni kitu kizito chenye rangi ya asali. Ukitia kidogo tu katika mafuta yaliyopashwa moto, maji yanashuka chini.

Lakini lazima kiwe kipimo chake. Kikipungua, uji unabaki uji. Kikizidi, unashikana upya, na mara hiyo hauachani kwa moto wala kwa maombi. Kila shamba lilikuwa na uchafu wake, na kila uchafu ulikuwa na idadi yake ya matone. Ndiyo maana tulikuwa tukijaribu kwanza kwenye chupa za dawa, zile zenye mistari ubavuni, ndipo tukapigia hesabu tangi zima.

Mimi nilikuja kutoka Kithimani nikiwa na darasa la nne tu. Mengine nilijifunza kwa kusoma chochote kilichoandikwa, hata maandishi ya kwenye mapipa. Nilikuwa na daftari la mistari, na humo niliandika kila jaribio kwa miaka miwili: shamba, rangi, harufu, joto la maji kama mkono unavumilia au hauvumilii, matone, na maji yaliposhuka yalifika mstari wa ngapi. Niliandika pia jinsi mbarika inavyopikwa. Siku moja nilimuuliza Macharia kwa nini yeye haandiki, naye mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

"Kilicho kichwani," alisema, "hakipekuliwi mlangoni."

Niliyachukua kuwa maneno ya mtu aliyechoka kupekuliwa. Nikaendelea kuandika.

Jumatatu hiyo, tukisubiri chupa zitulie, aliniambia habari ya barua. Kitabu chake cha pasi, kibali cha kuishi mjini, kilikuwa kinakwisha Ijumaa. Mkikuyu aliyetaka kubaki mjini alihitaji barua ya mwajiri, ya kusema kwamba yeye ni fundi na kazi yake inahitajika. Asiyekuwa nayo alipakiwa lori na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu.

"Na nyumba yetu kule imechomwa," alisema. "Mama amehamishiwa kile kijiji walichojengeshwa, analala na watu kumi chumba kimoja. Hayo si kitu, mtu hubanana. Lakini mwanamume wa umri wangu akishushwa kule bila barua, hafiki hata kwa hicho kibanda. Wanamtoa kwenye lori hili wanamtia kwenye lingine. Unajua linaenda wapi."

Nilijua. Lilikwenda kambini, na waliokwenda hatukuwa tumemwona hata mmoja akirudi.

"Bwana atakuandikia," nilisema. "Asipokuandikia wewe ataandikia nani? Hii yadi ni wewe."

"Amesema ataandika." Aliinua chupa ya nne, akaiangalia kwa mwanga wa jua lililokuwa linashuka. Chini kulikuwa na maji, na mpaka kati ya maji na mafuta ulikuwa mnyoofu kama uzi. "Tisa," alisema. Tuliziacha chupa zilale, na asubuhi yake ilikuwa bado ni tisa.

Jumatano asubuhi Macharia hakuja. Njambi, mkewe, alipitia langoni na kusema askari wamewakusanya wanaume wa mtaa mzima huko Kamenu, wamepangwa mstari kwenye ofisi ya pasi wakihojiwa, na huenda wakakaa hadi jioni. Alisema haya akiwa amesimama nje, hakutaka kuingia. Nilimwambia asiwe na wasiwasi wa kazi, nitaishika.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Mwenzako asipokuwepo, unalishika jembe lake sawa na lako, ili mwenye shamba asipate neno.

Saa tatu lori la Ruiru likaleta mapipa tisa kutoka kiwanda cha kahawa. Nyuma yake alikuja mwenye yadi mwenyewe, Bwana Tolcher. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, masikio yameunguzwa na jua, amefanya kazi ya injini jeshini, na sikuwahi kumsikia akimtukana mtu mama yake. Alitazama huku na huku.

"Macharia wapi?"

"Ameitwa ofisini, Bwana. Mstari wa pasi."

Alitazama saa yake, akatazama mapipa. "Hii mafuta nataka kesho kutwa. Injini ya pampu simama kule Ruiru, memsahibu nalia kwa simu." Akanigeukia. "Wewe naweza fanya ile mambo ya chupa?"

Nimeirudia dakika ile mara nyingi. Nilifikiri mambo mawili, moja baada ya lingine, kama ilivyo kawaida yangu. La kwanza, kwamba nikisema siwezi, kazi italala, na Bwana ataona kuwa ni kosa la Macharia kutokuwepo, katika wiki hii ambayo hafai kuonekana na kosa. La pili, kwamba nikifanya vizuri, Bwana ataona Macharia ni mwalimu wa namna gani. Sikuona la tatu.

"Naweza, Bwana."

Alisimama akitazama, mikono nyuma. Nilipasha maji mpaka mkono usivumilie. Nikanusa mafuta, nikafungua daftari mahali palipoandikwa Ruiru, nikatazama majaribio saba ya nyuma. Mafuta ya kiwanda hicho hayakuwa yamepungua chini ya matone saba wala kuzidi kumi na moja. Kwa hiyo nilianza na saba, nikaenda tone moja moja hadi kumi na moja: chupa tano, na ya sita shahidi. Nilitikisa kila moja mara mia. Bwana Tolcher aliwasha sigara ikaisha, akawasha nyingine. Baada ya robo saa maji yalianza kuonekana chini ya chupa ya tatu. Baada ya saa moja ilikuwa wazi kabisa, maji chini, mafuta juu, na kati yao hakuna hata utando.

"Tisa," nilisema.

Nilipiga hesabu ya tangi kwenye ukurasa mtupu, nikapima mbarika kwa kikombe, nikaimimina, nikakoroga, nikaacha. Alasiri nilifungua mfereji wa chini. Maji yakatoka ndoo kumi na sita, kisha uzi wa rangi ya kahawia, kisha mafuta. Nikafunga.

Bwana aliinama akanusa, akasugua mafuta kati ya vidole. "Nani nafundisha wewe?"

"Macharia, Bwana. Kila kitu ni Macharia."

"Na hii kitabu?"

"Mkono ni wangu. Maneno ni yake."

Alifungua kurasa polepole. Akasimama kwenye ule wa kupika mbarika, akasoma mpaka chini, kidole kikifuata mistari. "Mzuri," alisema. "Mzuri sana, Kaleli. Mimi nachukua leo, nasoma kwa nyumba. Narudisha."

Nilimpa. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mwepesi kama mtu aliyesifiwa kanisani. Nilinunua ndizi mbili njiani, nikazila nikitembea.

Alhamisi Macharia alikuja akiwa na alama ya kamba kwenye kifundo cha mkono. Nilimweleza ya jana, tangu lori lilipoingia hadi mfereji ulipofungwa. Nilimweleza kwa furaha, nikitaja nilivyonusa kwanza, nilivyokwenda tone moja moja. Alisikiliza akiwa anafunga kamba ya kiatu, na alipomaliza kuifunga aliifungua akaifunga tena.

"Ulipata tisa," alisema.

"Tisa."

"Ningepata tisa mimi pia." Akatazama ubao wa chupa. "Daftari liko wapi?"

"Bwana amelichukua akalisome. Alilisifu sana. Nilimwambia maneno yote ni yako."

"Aca," alisema kwa sauti ya chini, neno la kwao la kukataa, lakini hakuwa ananiambia mimi. Alisimama, akatia mkono mfukoni, nikasikia punje za mahindi zikigongana. "Ulifanya kazi vizuri, Kaleli. Ningekuwa mimi ndiye mwenye yadi ningefurahi."

Siku nzima hakunitania hata mara moja. Mimi, nisiye mwepesi wa kuhukumu watu, nilifikiri labda ana wivu kidogo, nikamsamehe.

Ijumaa saa nne Simeon, karani wa Bwana, alikuja nyuma ya matangi nilipokuwa nikichekecha udongo wa kuchujia mafuta. Simeon alikuwa mtu wa Maseno, mwenye kola safi, na kwa kawaida hakukanyaga upande wetu kwa sababu ya viatu vyake. Safari hii alikanyaga.

"Umemfanya nini mzee wa watu?" aliniuliza.

"Nani?"

"Barua ya Macharia. Nimeketi na mashine ya chapa tangu asubuhi. Ile karatasi ya ofisi ya pasi ina swali moja tu la maana: je, yupo mtu mwingine kazini anayeweza kuifanya kazi yake? Wiki iliyopita Bwana aliniambia niandike hapana. Leo ameniambia nitoe ile, nitie karatasi nyingine."

Nilimtazama. Chekecheke ilikuwa bado mkononi, na udongo uliendelea kushuka wenyewe.

"Ameandika jina lako," Simeon alisema. "Daftari lako liko mezani hapo, karibu na chai."

Sikuwahi kwenda ofisini kwa Bwana bila kuitwa. Nilikwenda. Nilisimama mlangoni na udongo mikononi, nikasema yale niliyoyapanga njiani, moja, mbili, tatu. Kwamba mimi najua kufuata tu, sijui kubuni. Kwamba daftari lina mafuta ya jana, halina mafuta ya kesho. Kwamba nilibahatisha.

Bwana Tolcher alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalifungua daftari, akaligeuzia kwangu. Ulikuwa ukurasa wa Ruiru, majaribio saba na la nane, mwandiko wangu ulionyooka.

"Hii hapana bahati," alisema. "Hii fundi."

"Bwana, andika tu kwamba hakuna mwingine. Mimi sitasema neno."

"Mimi nasema uongo kwa serikali? Sasa, wakati hii?" Hakukasirika. Alionekana kama mtu anayeumwa jino. "Karatasi nauliza, iko mtu ingine? Iko. Wewe iko. Wewe hapana taka pasi ya Kikuyu, wewe hapana shida. Mimi napenda Macharia. Mimi naandika yeye mtu mzuri, miaka minne, hapana iba. Hii nimeandika."

"Mtu mzuri haitoshi, Bwana."

"Najua," alisema, akarudi kwenye chai yake.

Nilirudi yadini. Macharia alikuwa amepanga chupa zote sita, amezisugua kwa mchanga na kuzisuuza, zimeng'aa. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilisema, "Baba Waceke, sikujua hilo swali." Alijibu, "Wala mimi sikukwambia." Nafikiri alitaka nilichukue kama kosa letu sote wawili, nusu yake na nusu yangu. Nimejaribu. Nusu yangu daima hunipita uzito.

Lori liliondoka Jumamosi, saa nne asubuhi, kutoka uwanja ulio mbele ya stesheni. Walikuwa watu kama sitini na mizigo yao: sufuria, kitanda kilichofunguliwa miguu, kuku mmoja ndani ya kikapu. Waceke, mwenye miaka tisa, alikuwa amevaa sare ya shule, kwa sababu ndiyo nguo iliyokuwa nzuri. Njambi aliniona nikikaribia akageuza uso.

Macharia alikuwa juu tayari, ameshika ubao wa pembeni. Nilimpa mkate na kifurushi cha sukari. Alivipokea.

"Sikiliza," alisema. "Mbarika iliyobaki kwenye mtungi ni ya wiki mbili. Ukipika nyingine, usiwe na haraka na asidi. Daftarini uliandika tone kwa tone, lakini hukuandika usubiri. Kila baada ya matone kumi, subiri mpaka chungu kipoe. Kiguse kwa shavu, si kwa mkono. Mikono yetu imekufa, haisikii tena."

"Kwa shavu," nilisema.

"Na ukiona inageuka nyeusi umeiunguza, imwage. Usijaribu kuiokoa."

Njambi aligeuka. "Hata sasa?" alimwambia. Alisema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Hata sasa uko juu ya lori bado unampa? Mpe na kiatu basi. Mpe na mtoto."

"Mama Waceke."

"Nyamaza. Ungenyamaza mwaka juzi." Kisha akanitazama mimi, na nilitamani angenitukana. "Wewe ulikula kwangu," alisema. "Ulikula irio kwa mkono huo huo unaoandika."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekula kwake Jumapili nyingi, na katika kurasa za mwisho za daftari nilikuwa nimeandika hata tarehe, kwa kuwa naandika kila kitu.

Askari akapiga ubavu wa lori kwa rungu. Waceke alinipungia mkono, kwa mazoea tu. Macharia hakupunga, alikuwa amemshikilia mtoto asianguke. Baadaye Simeon alisikia ofisini kwamba wanaume wa lori lile walitenganishwa na familia zao Gatundu kabla ya saa sita, wakatiwa kwenye lile lingine.

Jumatatu Bwana Tolcher alinirudishia daftari. Alikuwa amelitia jalada la karatasi ngumu ya kahawia, na Simeon akalipiga chapa ya yadi. Juu yake hapakuwa na jina la mtu. Alikuja pia na mapipa sita mapya ya Ruiru.

Nilifanya kama Jumatano. Niliweka chupa tano, saba hadi kumi na moja, na shahidi. Baada ya robo saa hapakuwa na kitu. Baada ya saa moja zote sita zilikuwa na rangi moja, rangi ya maziwa yenye masizi, na sikuweza kumtofautisha shahidi na wenzake. Nilinusa tena. Chini ya harufu ya mafuta kulikuwa na nyingine nisiyoijua, labda sabuni. Labda mtu kule kiwandani aliosha sakafu na kumimina ndoo ndani ya pipa. Macharia angejua. Angenusa mara moja, aseme, hii ni ya kufulia, hii ni ya kuogea, aanzie mahali pengine kabisa.

Bwana alikuja saa nane. "Kitabu nasema ngapi?"

"Kitabu kinasema tisa, Bwana."

"Basi tia tisa."

"Nimetia. Haiachani."

Aliinua chupa ya tatu kwenye mwanga, akaitikisa kidogo, kama mtu anayefikiri chupa inamfanyia ukaidi. Nilingoja mpaka aiweke chini.

"Bwana, Macharia angeweza hii. Mwandikie barua. Andika sasa kwamba hakuna mwingine. Ni kweli. Angalia hizi chupa."

Alizitazama chupa tena. Nilidhani nimempata. Kisha akapangusa vidole kwa kitambaa chake, kimoja kimoja.

"Barua ile natoka mbele ya mtu kwenda," alisema. "Mtu amekwenda, hapana barua. Mimi nauliza tayari, Jumamosi, kwa simu. Ofisi nasema hakuna." Akatazama kando, upande wa reli. "Jaribu tena. Wewe iko na akili."

Akaingia garini.

Nilizimwaga chupa, nikazisugua kwa mchanga, nikazisuuza. Nilitafuta nyingine stoo, zikawa kumi. Nilipasha maji upya. Safari hii nilianzia chini kabisa, tone moja, mawili, matatu, hadi sita, nikaruka hadi kumi na tano, ishirini, ishirini na tano, na shahidi, kwa sababu sikujua idadi yake iko upande gani. Nilitikisa kila moja mara mia, na mara kwa mara nilipoteza hesabu nikaanza upya. Niliziegemeza ubaoni. Mbarika ndani ya mtungi ilikuwa imeshuka vidole viwili.

Daftari lilikuwa pale juu ya pipa na jalada lake jipya. Sikulifungua. Kwenye kona ya ubao, penye mwanya, nilikuta punje chache za mahindi alizosahau kukusanya, au hakusahau. Hazikutosha. Nikatoa nyingine kwenye gunia la chakula changu, nikaketi chini na kuzipanga mbele ya chupa, moja, mbili, tatu, hadi ishirini na tano.

Mlinzi wa lango alinigongea bati. "Kaleli, kafyu! Unataka kulala kituoni?"

"Nakuja."

Niliinama kuzitazama mara ya mwisho. Zote zilikuwa nyeupe bado. Ya matone kumi na tano, labda, ilikuwa na kitu chini kabisa, ukungu mwembamba usioweza kuuita maji. Lingekuwa jambo la kesho. Nilitandaza gunia juu ya zote ili baridi isizipate, nikaelekea langoni. Daftari nililiacha pale pale juu ya pipa.